Mtoto wangu anaripoti imigresheni kila miezi mitatu, kwani ana kesi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja, watu wetu walio nje na hii maneno ya kuambia serikali za huko wanaishi wapi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu iko na pesa ndani yake, na mama akishatoa pesa ya chama ni haki yake kujua imeenda wapi.

SWALI: Habari yako mhariri. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Mamboleo, Kisumu. Msichana wangu wa pili anafundisha Kiingereza huko Thailand, ako mwaka wa pili sasa. Kitu inanisumbua ni kwamba kila miezi mitatu lazima aende imigresheni kuripoti, na sisi hapa mtu wa kuripoti tunayemjua ni yule ako nje kwa bondi. Nilitaja kwa chama nikitafuta maombi tu, sasa imekuwa hadithi, ati msichana wa fulani ana kesi ng'ambo. Alafu juzi akanipigia usiku anataka elfu nane haraka ya hiyo kuripoti, ikabidi nitoe kwa pesa ya mzunguko nikatuma. Kumuuliza risiti akanitumia picha, yote ni maandishi yao ya kupindapinda na mwaka imeandikwa 2568! Sasa hiyo ni risiti ama nimechezwa? Sitaki kumkosea mtoto lakini nataka ukweli.
Mama Mwalimu, Mamboleo

JIBU: Mama, pole na mawazo, na wale wa chama waambie mtoto hana kesi yoyote. Thailand wako na sheria ya imigresheni ya mwaka wa 1979, na kifungu cha 37 kinasema mgeni akikaa nchini zaidi ya siku 90 mfululizo lazima ajulishe ofisi ya imigresheni ya pale anaishi, na arudie kila siku 90 kama bado ako. Si Waafrika peke yao. Mzee wa Kiingereza aliyestaafu huko na penshoni yake, injinia Mjapani, mwalimu wa kutoka Kisumu, wote wanapanga laini moja. Ni kama vile ukihamia ploti mpya hapa mzee wa Nyumba Kumi anataka kujua wewe ni nani na unalala wapi, tofauti ni kwamba huko mzee hachoki kuuliza.

Sasa tuje kwa pesa. Kuripoti kwenyewe ni bure. Mtu anajaza fomu inaitwa TM.47, anaonyesha pasipoti, anapewa kikaratasi chake anaenda, hakuna shilingi inatoka. Lakini ukichelewa kuna faini, na ukijipeleka mwenyewe ofisini faini ni baht 2,000, ambayo ukibadilisha inakuja karibu kabisa na ile elfu nane yako. Kwa hivyo mimi naona hujachezwa. Naona mtoto alichelewa, akaona aibu kusema "mama nimepigwa faini", akasema ni pesa ya kuripoti, na hapo hata mimi simlaumu sana juu sisi wazazi tukisikia neno faini tunaanza kuuliza maswali ya polisi. Na bora alijipeleka, angeshikwa kabla ya kuripoti ingekuwa baht 4,000.

Hiyo 2568 isikutishe. Wathai wanahesabu miaka kwa kalenda ya Buddha, wako mbele yetu na miaka 543, kwa hivyo 2568 yao ni 2025 yetu. Angalia pia juu ya hiyo picha kama kuna nembo ya Garuda, yule ndege mwenye mwili wa mtu, ndio alama ya serikali yao. Kama iko basi hiyo pesa ilienda serikalini. Kama haiko, huenda alilipa ajenti, na hao wako wengi, wanachukua pesa ya mtu kumpelekea fomu ya bure. Si wizi, sheria inaruhusu mtu mwingine akupelekee, lakini ni pesa ingekaa kwa mfuko wake. Shule zingine ziko na karani anafanya hiyo kazi kwa walimu wote wageni bila kulipisha, amuulize mkuu wake.

Mahali watu wanaanguka ni kwa hesabu. Wewe umeandika kila miezi mitatu na nashuku hata yeye anasema hivyo. Siku 90 si miezi mitatu mama. Chukua Julai, Agosti na Septemba, hizo ni siku 92, kwa hivyo mtu anayehesabu kwa miezi anachelewa siku mbili kabla hata hajakosa kuenda. Ile tarehe ya kufuata si ya kichwani, ni ile imeandikwa kwa kikaratasi anachopewa kila akiripoti, kipande kidogo hivi ambacho wengi wanakibana na pini ndani ya pasipoti, na kimeandikwa siku ya kuja tena. Kikipotea hiyo ndio shida inaanza, sasa mtu anakisia.

Na serikali yao si wabaya vile, wamempa nafasi. Tuseme siku yake ni tarehe 20 Agosti. Akienda ofisini mwenyewe anaweza kwenda kutoka siku 15 kabla mpaka siku 7 baada, yaani tarehe 5 mpaka tarehe 27, bila faini. Akitaka kufanya onlaini dirisha ni fupi, linafunguka tarehe 5 na kufungwa tarehe 13, siku 7 kabla ya siku yenyewe, na hapa ndio vijana wanateleza juu wanaamini onlaini unaweza kufanya saa sita usiku siku ya mwisho. Wacha afanye mapema, juu onlaini unatuma alafu unangoja emeili ya kusema wamekubali ama wamekataa, na wakikataa bado ako na siku za kwenda mwenyewe. Kwa posta pia inawezekana, lakini itumwe kwa rejista siku 15 kabla. Mara ya kwanza kabisa lazima aende ofisini, na akipata pasipoti mpya pia onlaini haimkubali hapo mwanzo, aende mwenyewe ama atume mtu.

Kitu ya pili, na hii mwambie ukiwa umetulia. Kuripoti haiongezi visa. Hata siku moja. Kuna watu wanaripoti vizuri kila siku 90, wana vikaratasi vyote kwa pasipoti, na huku ile ruhusa yao ya kukaa imeisha na hawajui, juu wamezoea kuona afisa akipokea fomu wanadhani mambo yako sawa. Kukaa baada ya ruhusa kuisha ni faini nyingine kabisa, baht 500 kwa kila siku mpaka ifike 20,000, na ukishikwa hata kama hujamaliza mwaka unafukuzwa na hurudi Thailand kwa miaka 5. Hiyo sasa ndio ungeita kesi. Kwa hivyo ako na tarehe mbili za kuangalia, ya kuripoti na ya ruhusa, na hazifanani.

Alafu likizo. Shule zao zinafunga ile likizo ndefu Machi mpaka katikati ya Mei hivi, na najua utataka aje nyumbani. Aje. Akitoka Thailand na kurudi, hesabu ya siku 90 inaanza upya siku ile anaingia, zile za zamani zimekufa, kwa hivyo asiende kuripoti kwa tarehe ya kile kikaratasi cha mwaka jana. Lakini kabla hajapanda ndege achukue kibali cha kurudi, ni baht 1,000 kwa safari moja ama 3,800 kwa safari nyingi, na asipochukua, ile ruhusa yake yote ya kukaa inaisha pale anavuka mpaka, hata kama ilikuwa imebaki miezi minane. Kibali kinapatikana mpaka kwa viwanja vikubwa vya ndege lakini kwa nini akimbizane na afisa huku anaitwa ndege. Achukue wiki moja kabla.

Na kuna hii ya landilodi. Sheria hiyohiyo kwa kifungu cha 38 inamwambia mwenye nyumba ajulishe imigresheni ndani ya saa 24 mgeni akianza kulala kwake, fomu ni TM.30. Ni kazi ya landilodi si ya msichana wako, lakini ofisi zingine mtu akienda kuripoti ama kuongeza ruhusa wanauliza hiyo TM.30 iko wapi, na kama landilodi hakufanya, anayesimama hapo kwa kaunta akitoa jasho ni mpangaji. Kwa hivyo akihama nyumba aulize kabla ya kulipa dipoziti, utafanya TM.30 ama hutafanya? Landilodi akianza kuzungusha maneno, atafute nyumba ingine.

Wewe mama fanya hivi. Usianze na habari ya risiti. Mwambie akupigie picha kile kikaratasi cha tarehe, uweke hiyo tarehe kwa simu yako wiki mbili kabla, na siku ikifika umtumie meseji umuulize tu kama ameenda. Atakuwa anacheka lakini hatachelewa tena.

SWALI: Mhariri sasa, kaka yangu mdogo alishinda grini kadi akaenda Marekani mwaka huu, alifikia kwa rafiki ya binamu yetu huko Texas, hao wakakosana juu ya mambo ya rent, akatoka akaenda Minnesota kwa watu wa nyumbani. Alijaza fomu ya posta ya kubadilisha adresi na barua zingine zinamfikia poa lakini kadi yenyewe haijafika mpaka leo na yule jamaa wa Texas hashiki simu. Sasa huyu kaka anasema hawezi fanya kazi bila kadi na anataka tumtumie pesa ya kukaa. Tumepanga kuuza mashine ya kusaga. Ni ukweli hawezi fanya kazi?
Kaka Mkubwa, Section 58, Nakuru

JIBU: Kaka, simamisha hiyo mashine kwanza.

Mtu akiingia Marekani na visa ya uhamiaji, afisa anaipiga muhuri pale uwanjani, na hiyo visa iliyopigwa muhuri ndani ya pasipoti inasimama badala ya grini kadi kwa mwaka mmoja kutoka siku aliingia. Ni ushahidi halali wa kuonyesha mwajiri. Kwa hivyo anaweza kufanya kazi leo, afungue pasipoti aangalie, imeandikwa pale pale kwa visa. Kama kuna mwajiri amemkataa basi mwajiri hajui kazi yake, na kama hakuna mwajiri amemkataa, wewe unamjua kaka yako kuliko mimi.

Sasa kadi. Posta na imigresheni ni watu wawili tofauti. Ile fomu ya posta inahamisha barua za benki na za bima, lakini barua za imigresheni, na haswa kadi, kwa kawaida posta haizipeleki kwa adresi mpya, zinarudishwa kwa mwenyewe aliyetuma. Alitakiwa ajulishe USCIS wenyewe, ndio ofisi ya imigresheni ya Marekani, kuna fomu inaitwa AR-11, inafanywa onlaini, bure, ndani ya siku 10 baada ya kuhama. Si kwa hiari. Karibu kila mtu asiye raia anahusika isipokuwa wanadiplomasia na wachache wengine, na sheria imeandika faini ya mpaka dola 200 ama jela mpaka siku 30 ama zote mbili, na pia inaweza kuwa sababu ya kurudishwa nyumbani. Afanye leo, kuchelewa ni afadhali ya kutofanya. Kabla ya 1981 ilikuwa ngumu zaidi, kila Januari mgeni lazima aambie serikali anakaa wapi hata kama hajahama popote, kwa hivyo hao vijana wa siku hizi wanalala poa.

Akishamaliza AR-11 aingie kwa akaunti yake ya USCIS aangalie kama ile ada ya kadi ililipwa, juu watu wengi wa hii bahati nasibu ya grini kadi wanasahau hiyo ada na kadi haitengenezwi mpaka ilipwe. Kama ililipwa na kadi ilitumwa, kuna ombi la onlaini la kuuliza kadi ambayo haikufika, afanye hilo kabla hajalipia kadi nyingine. Na yule jamaa wa Texas msiendelee kumpigia mkimtukana, kama kadi iko kwake kwa droo mnamhitaji. Mwambie binamu ampigie, hao ndio marafiki.

Nimeona wasomaji wengine wako na watu huko kwa njia zingine, kwa hivyo niongeze haraka. Mwanafunzi anaambia afisa wa wanafunzi wageni pale chuoni, ndani ya siku 10. Mtu ako na kesi kwa korti ya imigresheni, AR-11 haimtoshi, korti iko na fomu yake, EOIR-33, na siku ni 5 tu za kazi, na hii usicheze nayo juu barua ya korti ikienda adresi ya zamani hakimu anaweza kutoa amri ya kukufukuza ukiwa hujui hata kulikuwa na siku ya korti. Na yule aliyemwekea ndugu yake sahihi ya udhamini, akihama yeye mwenyewe ako na fomu yake, I-865, siku 30.

SWALI: Shikamoo. Natoka Mumias, nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani na ajenti amenitafutia chumba lakini mwenye chumba anasema nikae tu bila kuandikisha, bei itakuwa chini, alafu kuna mtu mwingine atanikodisha adresi ya karatasi tu. Ajenti anasema wote wanafanya hivyo. Niko na wasiwasi.
Msichana wa Mumias

JIBU: Marahaba, na wasiwasi wako una akili kuliko ajenti wako. Ujerumani mtu yeyote akihamia nyumba, hata Mjerumani mwenyewe, anaenda ofisi ya mtaa kujiandikisha ndani ya wiki mbili, wanaita Anmeldung, na tangu Novemba 2015 lazima ubebe karatasi ya mwenye nyumba aliyoweka sahihi kwamba kweli umehamia kwake. Ukichelewa faini inaweza kufika euro 1,000. Hiyo ya kukodisha adresi ya karatasi ndio mbaya zaidi, yule anayekupa adresi ya uongo sheria imemwekea faini ya mpaka euro 50,000, sasa fikiria mtu wa kubeba hatari kama hiyo atakulipisha ngapi na siku akishikwa atataja nani.

Bila kuandikishwa huko mambo hayasongi. Namba ya kodi ya serikali inatumwa kwa adresi uliyoandikisha, benki wataiuliza, na ofisi ya wageni inayokupa kibali cha kukaa inafuata adresi hiyohiyo. Chumba cha bei ya chini kisicho na karatasi kitakugharimu mshahara wa mwezi wa kwanza. Mwambie ajenti akuulizie hospitali ama shule inayokuchukua kama wako na hosteli, nyingi ziko nayo, na kama hataki kuuliza, waandikie wewe mwenyewe emeili, barua yako ya nafasi iko na adresi yao. Na siku ukirudi Kenya kabisa unaenda ofisi hiyohiyo kujitoa kwa rejista.

SWALI: Na sisi hapa? Mke wangu ni Mholanzi, tunaishi Milimani Kisumu, ako na kibali chake cha kukaa. Kuna mtu ameniambia bado tunavunja sheria.
Baba Pacha

JIBU: Kama hajajiandikisha, huyo mtu ako sawa. Sheria yetu ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inasema mgeni anayekaa Kenya zaidi ya miezi mitatu ajiandikishe, na ndio anapewa ile kadi ya mgeni. Kibali na kadi ni vitu viwili na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Ombi linaanzia kwa eCitizen, mwambie aingie na akaunti ya jina lake mwenyewe si yako, awe na pasipoti, kibali na picha karibu, na kama pasipoti yake iko karibu kuisha afanye hiyo kwanza ndio asijaze mambo mara mbili.